Kurasa Sita

Ofisi ya kumbukumbu ya At-Bashy ina jiko moja,
madirisha mawili, na Burulcha.
Miaka thelathini na mmoja yeye ndiye faharasa:
unamtajia jina la babu, anafumba jicho moja,
mkono unakwenda wenyewe hadi rafu ya tatu.
Alipougua, bonde zima lilikosa vyeti.
Watu waliteremka malishoni kwa farasi,
siku mbili njiani, wakakuta kufuli
na karatasi mlangoni: *Kichwa kinaniuma. Jumatatu.*

Kisha wilaya ikaleta skana,
na kwa kuwa umeme wa shule haukatiki ovyo,
vitabu vikahamia kwangu, darasa la kompyuta,
vikiburutwa juu ya theluji,
vimefunikwa mablanketi kama wagonjwa.

Wanafunzi waliviziba pua.
Moshi, mafuta ya kondoo, vidole vya marehemu.
Na herufi! Bonde hili limevishwa alfabeti tatu
kama mtoto anayebadilishwa shati kabla hajaoga.
Burulcha akaketi nyuma ya Aizirek, koti hakuvua:
"Hiyo si nukta, binti. Ni wino wa karani mlevi."

Fomu ya mashine ilitaka jina, tarehe, mahali.
Haikuwa na pa kuweka
kwamba huyu aliandikwa na shangazi,
yule alizaliwa njiani, kati ya wilaya mbili,
na kila wilaya ikamkana.
Wanangu wakaongeza safu ya nne bila kuniuliza.
Wakaiita: *Anayoyajua Burulcha.*

Mzee Sagynbek alifuata pensheni miaka saba.
Tukachapa jina lake. Hakuna.
Tukachapa tena, taratibu, kana kwamba kompyuta ni kiziwi.
Hakuna.
Ila safu ya nne ilikuwa na neno:
*Mtafute kwa Italmas.*
Jina la mtoto ambaye hata mbwa hamtaki,
aliloitwa baada ya kaka watatu kuzikwa,
ili kifo kimtazame na kupita.
Sekunde nne.
Mzee akavua kofia mbele ya kioo,
akakaa muda mrefu akimsoma mama yake.

Kitabu cha tano ndicho kilichotukwamisha.
Ukurasa mia na kumi na moja, halafu mia na kumi na minane.
Kisanduku chekundu kikatokea: *Sababu?*
"Andika panya," alisema Burulcha,
akatoka nje, akakoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa.
Aizirek akaandika panya.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kabla ya kengele.
"Futa panya."
Akataka kuchapa mwenyewe, kidole kimoja,
akitafuta kila herufi kama aliyeangusha sindano:
*Mwaka wa tisini na nane theluji ya paa iliyeyuka.
Nilikuwa harusini. Kitabu sikukifunika.
Kurasa nilizichoma ili zisionekane.
Burulcha, karani.*
Akaniuliza kitufe cha kutuma ni kipi.
Nilimwonyesha. Nikageuka dirishani.

Siku hizi cheti kinaombwa kwa simu,
huko huko juu, mtu akiwa amekaa juu ya farasi.
Foleni ya jikoni imekwisha, na nadhani anaikosa:
bado anachemsha chai ya watu ishirini.

Lakini wiki ile bonde lilisoma alichoandika,
na foleni nyingine ikaanza, mlangoni pa shule,
ya watu wasioomba kitu.
Mmoja ameleta kitambulisho cha hospitali, cha mtoto,
uzi wake ungalipo.
Mwingine picha, nyuma yake tarehe kwa penseli.
Hakuna aliyemgombeza, isipokuwa bibi mmoja
aliyemgombeza vilivyo, kisha akanywa vikombe viwili.

Kurasa tatu na nusu zimerudi.
Kisanduku bado chekundu.
Jana mwanamke wa Kara-Suu alileta zulia
lililofumwa mwaka wa kuzaliwa kwa pacha wake,
na Aizirek akauliza kama zulia linaingia kwenye skana.
Tulilikunja mara nne, tukalipiga kipande kipande.
Mwaka ulitokea mwishoni,
kichwa chini, miguu juu,
unasomeka.